Msemaji Ni Aliyefika Kwanza

Katika Baldur's Gate 3, mchezo wa video wa mwaka 2023 kutoka studio ya Larian ya Ubelgiji, yumo Wyll, kijana mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Mlinzi wa lango akiuliza mnatafuta nini, Wyll anasimama nyuma, kimya kama mkalimani asiyelipwa. Anayejibu ni mwenzake Lae'zel, mwenye alama 8 tu za haiba, kwa sababu tu yeye ndiye aliyetangulia. Dadu ya pande 20 inaviringika kuamua kama jibu litakubalika, inatua kwenye 3, panga zinachomolewa. Mwenzao mwingine, Shadowheart, Mungu ambariki, anaruhusiwa kumwombea: dadu ndogo ya pande 4 inaongezwa. Kumwambia Lae'zel “dada, mpishe mwenzio aseme” hairuhusiwi. Na humo hata maiti huhojiwa wakajibu! Kupokezana mazungumzo tu ndiko kulikowashinda Larian.