Shangazi wa Skrini: Bwana Harusi Amegeuka Giza

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu alioa mwaka jana na DVD ya harusi ninayo. Video ilipofika pale ninapomtunza mkwe wangu kanga, nikabonyeza Print Screen, nikabandika kwenye Paint. Shangazi, picha ikaanza kucheza! Mimi nacheza, mashemeji wanacheza, ndani ya picha ya mnato! Mjukuu katoka mbio. Nikaihifadhi kwenye flashi, nikateremka nayo Korogwe kuisafisha. Imetoka nyeusi tii, na mwenye steshenari kanidai hela ya wino. Nani kaniroga? Mama Mkwe, Vugiri.*

Marahaba, mama mkwe. Hujarogwa, una kompyuta ya zamani. Nahisi ni Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 8, 2014, ila huku milimani bado inadunda.

Mashine za enzi hizo hazikuchora video pamoja na vitu vingine vya kwenye skrini. Kichezeo kilipaka dirisha lake rangi moja tupu, kisha kadi ya video ikaimwaga sinema juu ya rangi hiyo mwishoni kabisa, ikielekea kwenye kioo. Print Screen inakamata kilichoko chini, yaani ile rangi tupu. Ulipoibandika kwenye Paint, rangi ikaangukia palepale ilipokuwa. Kadi ikadhani ndilo dirisha lake, ikaimwagia harusi. Siku nyingine lisogeze dirisha la Paint pembeni: utaona mashemeji wanakatika viuno, kisha wanakatika vichwa. Ukifunga kichezeo, linabaki giza. Hilo giza ndilo ulilolipeleka Korogwe, na mwenye steshenari amelichapa kwa uaminifu. Mlipe.

Dawa ya haraka ni kuingia kwenye mipangilio ya kichezeo, upande wa video, uondoe tiki penye neno Overlay. Dawa ninayoipenda mimi ni kufungua DVD kwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, na kubonyeza Shift na S. Hapo hupigi picha skrini. Unachota fremu kutoka kwenye video yenyewe, nayo inakwenda kukaa kwenye folda ya picha. Kabla ya kuchota, bonyeza D. DVD nyingi za harusi zina mistari inayochorwa kwa zamu, shufwa na witiri, na bila D mkono wako unaopunga kanga utatoka na meno kama kitana.

Ila usiniagizie fremu ya ukutani. DVD zetu zina nukta 720 kwa 576 basi. Ukitaka picha kali kwenye karatasi, utapata kama sentimita 6 kwa 5. Unayetaka ukubwa mtafute mpiga video kabla hajafuta faili la asili, na uende na kilo ya majani ya chai.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa hesabu, Bungu. Nimerekodi somo la milinganyo kwa OBS karibu saa nzima. Nikiwa nahitimisha, umeme ukakatika. Uliporudi nikalikuta faili lipo, lina uzito wake, lakini halifunguki.*

Pole sana, Mwalimu. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni, ukishabonyeza kuacha kurekodi. Umeme ukitangulia, unabaki na somo lote lisilo na orodha, na kichezeo hakijui pa kuanzia. Kuanzia leo rekodi kwa MKV, ambayo hujiandika inavyokwenda. Umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Ukimaliza, kwenye menyu ya File ya OBS kuna Remux Recordings, itakugeuzia MKV iwe MP4 bila kugusa ubora. Lile faili bovu usilifute. Iko programu ya bure iitwayo untrunc, hujaribu kuijenga orodha upya kwa kutazamia faili zima ulilorekodi kwa mipangilio ileile.

Na barua yako ijayo naijua: flashi imekataa kupokea somo ingawa ina nafasi tele. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ukirekodi kwa kilobiti 10,000 kwa sekunde, saa moja ni GB 4.5. Weka 2,500, itashuka hadi GB 1.1 hivi. Milinganyo haikimbii, Mwalimu.

*Shangazi, nalipia tamthilia kila mwezi. Nikipiga skrinshoti, sura ya mpenzi wangu haipo, maandishi ya tafsiri yapo! Handeni.*

Mwanangu, hilo ni kufuli, halina ubovu. Wenye filamu wamehakikisha picha inafunguliwa kwenye njia ya pembeni ambayo skrinshoti haifiki. Maandishi yanachorwa nje ya njia hiyo, ndiyo maana yanabaki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, nami kufuli za watu sivunji. Wenyewe hutoa picha za matangazo, chukua hizo.

*Shangazi, kwenye video ya sherehe ya jirani, mume wangu anamkonyeza mpambaji. Kila nikisimamisha, picha inatoka na ukungu. Nataka ushahidi.*

Ukungu tunao wa kutosha huku Vugiri, mama, lakini huo wako ni wa kamera. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, kila fremu hupigwa taratibu na sura inayosogea inafifia humohumo. Hakuna kitufe cha kuirudisha. Jaribu hivi: fungua kwa VLC, simamisha kabla ya tukio, kisha bonyeza E. Kila ukibonyeza inasogea fremu moja, mbele tu, haina kurudi nyuma. Sekunde moja ina fremu 25, kwa hiyo nenda polepole na uangalie macho yote mawili. Likifumba moja, jingine likabaki wazi, niandikie tena upesi. Yakifumba yote mawili, ulikuwa moshi wa pilau.