Mhadhara wa Bingwa wa Madirisha, Matema Ufukweni

Wazee wa Matema, akina mama mliovuka kutoka Ikombe na vyungu vyenu, nawe kijana unayesinzia juu ya gunia la mpunga: amkeni. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Madirisha Yafungukayo Nje, cheo nilichojitunuku baada ya kutafuta mpinzani nikamkosa.

Kyela hunyeshewa milimita 2,000 na ushei kwa mwaka, na sehemu kubwa, kwa uchunguzi wangu, hulengwa chumbani kwangu. Upepo wa kusini nao hupata ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 la kukimbilia bila kukutana na hata mwembe mmoja. Ukifika huku kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone, unatafuta wa kugombana naye.

Wasiosoma husema dirisha la kufungukia nje halifai penye upepo. Wanyamaze! Likishafungwa, upepo huohuo hulikandamiza kwenye fremu. Ukizidi kuvuma, nalo huzidi kubana. La kufungukia ndani husukumwa liachie. Hatari ni likiwa wazi: hapo upepo hulikwapua kama mpiga debe anavyokwapua begi la abiria, na bawaba ndizo zinazolipa nauli. Tia ndoano. Halafu, kwa kuwa nondo na wavu wa mbu viko ndani, mvua ikianza usiku wa manane itakubidi ufungue wavu, upenyeze mkono kati ya nondo, uvute dirisha huku unalowa mpaka kwapani. Sayansi ina gharama zake.

Kuhusu kuziba, mimi nimeziba pande zote nne kwa silikoni, juu yake puti, juu yake rangi ya mafuta. Masika yalipoingia mbao zikavimba, dirisha likagoma kufunguka kabisa. Ushahidi gani tena mnataka kwamba dawa imekubali?

Kuna fundi mzee, hana cheo, anayedai mpira mwembamba ubandikwe pale tu dirisha linapogusana na fremu, na chini paachwe upenyo maji yatoke. Eti maji yangu hayaingii kwa upepo: yanatambaa chini ya ule ubao unaotokeza nje, yanarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Akachukua msumeno, akachora mfereji mdogo upande wa chini wa ubao, karibu na ukingo, matone yakafika hapo yakakosa njia yakadondoka nje. Kazi ya muda wa kuchemsha chai, bila hata slaidi moja!

Mfereji huo, kuanzia leo, utaitwa Mfereji wa Bingwa. Ada ya mafunzo italipwa mlangoni, na cheti kitatolewa kwa atakayetamka jina hilo bila kucheka.

Sasa maswali. Naona mkono wa fundi mzee umenyooka. Kuna mwingine?