Nywila ya Baba Salma

Katika nyumba yetu yapo mambo ambayo ni ya Baba Salma peke yake: ufunguo wa geti ukishaingia usiku, rimoti ikifika saa mbili ya taarifa ya habari, na nywila ya waifai. Mimi ni mhasibu, na daftari langu lina kila kitu cha nyumba hii: namba ya mita ya LUKU, bima ya gari, ada za shule na tarehe zake. Ukurasa wa waifai ni mweupe. Siku ruta ilipofungwa nilikuja na kalamu, naye akaninyooshea kiganja. "Hilo niachie mimi, Mama Salma. Liko kichwani."

Fundi aliyekuja kufunga alikuwa kijana mchangamfu, maneno mengi kuliko waya. Alipoingia sebuleni alisimama mbele ya kalenda ya Yanga, ambayo Baba Salma huitundika upya kila Januari kabla hata sijatoa mapambo ya sikukuu, akaitazama kwa muda, akatabasamu. Hakusema kitu. Akatoboa ukuta, akafunga ruta yake, akaomba simu zetu zote, runinga na kompyuta ya Idi, akaviunganisha mwenyewe kimoja baada ya kingine. Akanywa juisi ya ukwaju. Mlangoni akageuka: "Mzee, nimekuwekea ambayo huwezi kuisahau maishani." Baba Salma akacheka, akampa ya soda. Aliamini ameambiwa nywila. Kumbe aliambiwa sifa zake tu.

Baada ya hapo hakuna aliyeihitaji. Kifaa kikishaambiwa mara moja hakiulizi tena. Hata ukinunua simu mpya, ukihamisha picha na majina kutoka ile ya zamani, mitandao nayo huhamia huko kimyakimya, na ndivyo Salma alivyobadilisha simu mpaka akaenda nayo chuoni Dodoma bila kuulizwa neno. Wageni wetu ni watu wa bando. Kwa hiyo miaka yote hiyo nyumba nzima iliishi kwa neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitia machoni.

Ndipo akaja Mama kutoka Muheza.

Mama mkwe wangu haji mikono mitupu. Alishuka na nusu gunia la machungwa, mnazi mmoja mzima kwa hesabu ya nazi alizobeba, na safari hii simu ya tachi, aliyonunuliwa na wifi yangu wa Mwanza ili amwone mjukuu wake mchanga. Miadi yao ilikuwa baada ya magharibi, mtoto anapoogeshwa. Mama hakutaka picha, picha anazo. "Nataka nimwone anavyokandwa," aliniambia huku akifungua mtandio. "Wasichana wa siku hizi wanamkanda mtoto kama wanamfuta vumbi."

Tulipomaliza kula akamgeukia mwanawe. "Haya, niwekee huo mtandao wenu."

Baba Salma akaipokea simu kwa utulivu wa mtu anayeombwa chumvi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nikasogea kuchungulia. Waifai ya nyumbani haipokei neno lililo chini ya herufi nane, wala linalozidi 63, ndiyo maana kitufe cha kuunganisha hubaki kimefifia mpaka utimize nane. Aliandika *yanga*, kitufe kikabaki kimefifia. Akaongeza mwaka klabu ilipoanzishwa, ikawa *yanga1935*. Kitufe kikawaka. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akatusogezea simu tushuhudie. "Inaunganisha," ikasema, na sote tukainama. Kisha, kwa maandishi mekundu: nywila si sahihi.

"Ni herufi kubwa tu," akasema.

Ikaja Yanga yenye Y kubwa. Ikaja YANGA nzima kubwa. Ikaja Jangwani, Wananchi, ikaja *daimambele* na baadaye *daimambelenyumamwiko* yote, ambayo kwa kidole cha Baba Salma ni kazi ya kukaa kitako. Lazima niseme hoja yake ilikuwa na mantiki. Fundi aliiona kalenda, akatabasamu, akasema ameweka isiyosahaulika: mtu mwenye akili angetafuta nini kwingine? Alipomaliza klabu akaingia kwenye familia, majina ya watoto na miaka yao, namba ya gari, namba ya kiwanja. Kila ilipokataa alimtazama Mama, si simu.

"Huyo fundi," Mama akauliza, "ulimmalizia hela yake?"

Mimi nikatoa shauri la kihasibu: tumnunulie Mama bando la siku, aone mtoto akiogeshwa, mengine kesho. Baba Salma aliniangalia kana kwamba nimependekeza tukalale gesti. "Nalipa waifai kila mwezi, halafu nikanunue bando ndani ya nyumba yangu mwenyewe?" Basi, nikanyamaza. Yapo matumizi ambayo hayamo kwenye daftari, na heshima ya mwanaume mbele ya mama yake ni mojawapo.

Simu yangu ingeweza kutuokoa, lakini ilikuwa kwa fundi ikibadilishwa kioo. Ya Baba Salma ni Android ya zamani, ya kabla ya toleo la 10 la mwaka 2019, na kule kushirikisha mtandao kwa msimbo wa QR kulianza na toleo hilo. Yake imeunganishwa, inajua kila kitu, na haisemi. Tukampigia Salma Dodoma. "Mimi nimekuta tu ipo," akajibu, na nyuma yake nikasikia muziki ambao haukuwa wa maktaba. Tukapiga kwa watoa huduma. Baada ya bonyeza moja, bonyeza mbili, na wimbo uliomfanya Mama aanze kutikisa mguu, binti mwenye sauti nzuri akatuambia nywila ya waifai huwekwa na mteja, wao hawaioni. Angetutumia fundi. Lini? Ndani ya saa 24 za kazi, na hiyo ilikuwa Ijumaa jioni.

Tukaipindua ruta. Chini yake pana kibandiko chenye jina la mtandao na nywila yake, na Baba Salma akapata nguvu mpya. Nusu ya herufi zilikuwa zimesuguliwa na kitambaa cha vumbi. Tukazisoma kwa tochi, mimi nikibishia sifuri, yeye akishikilia O. Tulipoipata sawasawa, ikakataa vilevile. Ile ilikuwa ya kiwandani. Ilikufa siku fundi alipoweka ya kwake.

Lakini kupindua kulituonyesha kitundu. Pembeni ya tundu la umeme, kidogo kiasi cha kuingia ncha ya pini, na juu yake neno la kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Baba Salma alilisoma mara mbili na uso ukamnawiri. Mama akachomoa pini kwenye mtandio wake, akampa. Alikuwa amekwishaiingiza, anahesabu kwa sauti zile sekunde za kushikilia, Idi alipoingia kutoka tuisheni na begi mgongoni.

"Baba, usibonyeze!"

Idi yuko kidato cha tatu, na kwa kawaida sauti yake ndani ya nyumba hii ni ya kuomba hela. Akaeleza akiwa bado amesimama. Kitundu kile hakifuti nywila peke yake, kinafuta kila kitu, na miongoni mwa vitu hivyo ni jina na neno la siri la akaunti ambavyo ruta inavitumia kujitambulisha kwa watoa huduma. Hivyo navyo aliviingiza fundi. Vikifutika, waifai itakuwepo, taa zitawaka, simu zitaunganishwa, na intaneti haitakuwepo mpaka hao watoa huduma waje. Baba Salma akachomoa pini taratibu, akaifuta kwenye shati, akamrudishia Mama.

"Sasa tufanyeje?" akauliza, na alimuuliza Idi.

Kijana akafungua kompyuta yake, ileile aliyoiunganisha fundi. Akafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika amri inayoanza na *netsh wlan* na kuishia na *key=clear*, katikati akatia jina la mtandao wetu. Hakuvunja kitu. Aliiuliza kompyuta, ikamjibu. Na mambo haya yalianza hivyo hivyo: kompyuta ya chuo cha MIT kule Marekani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutumia nywila, na mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, alipoona saa anazogawiwa hazimtoshi, aliiagiza ichape faili la nywila za wenzake wote. Ikachapa.

Mistari ikamiminika. Idi akaifuata kwa kidole, akafika penye neno lenyewe, akanyamaza.

"Soma," akasema Baba Salma.

"Baba, njoo uone mwenyewe."

"Nimesema soma!"

"Simba tano Yanga sifuri," akasema Idi. "S kubwa, Y kubwa. Hakuna nafasi katikati."

Kwa wasiofuatilia: tarehe 6 Mei 2012, Uwanja wa Taifa, Simba iliifunga Yanga mabao matano bila. Baba Salma alikuwepo uwanjani. Alirudi usiku, akapita jikoni bila salamu, na kwa muda mrefu baada ya hapo katika nyumba hii tulinunua mayai manne au sita. Dawa ilikuja tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipomfunga mtani wake tano kwa moja kwenye uwanja uleule, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Usiku ule hatukulala. Aliyatazama mabao yale kwenye runinga mpaka alfajiri, akiyarudisha nyuma, akiwatumia ndugu wote wa Simba hadi Songea. Na kila bao lilimfikia kwa kupita mlango ulioandikwa *Simba5Yanga0*.

Nilimwona akiipiga hesabu hiyo kichwani. Alipofika mwisho wake akakaa.

Kusema kweli, kwa kanuni za ofisini kwetu ile ni nywila safi: herufi kubwa ipo, ndogo zipo, tarakimu zipo. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa nywila wa taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2003, ambao ofisi nyingi duniani ziliufuata, alikuja kusema mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoandika, kwa sababu watu hutii masharti hayo kwa namna rahisi mno kubahatisha. Hili la watani wa jadi sidhani kama lilimpitia akilini.

"Niandikie hapa," Mama akamwambia Idi, akimpa simu. Ikaunganishwa papo hapo. Mwanza wakapokea, beseni likaonekana, mtoto akaonekana, na Mama akaanza kutoa maelekezo ya mgongo na mabega. Baba Salma alikuwa tayari amehamia kwenye kompyuta. Idi alikuwa amemfungulia 192.168.1.1, mlango wa ndani wa ruta, ambao fundi aliuacha na *admin* mbili kama ulivyotoka kiwandani, yaani yeyote aliyekwisha kuingia kwenye waifai yetu angeweza kuingia na humo akabadilisha atakacho. Hilo lilinitisha mimi kuliko mabao. Yeye alikuwa akitafuta pa kufutia aibu tu.

"Ukibadilisha vyote vinakatika," Idi akamwonya. "Simu, runinga, vyote. Inabidi kuingiza upya."

"Vikatike."

"Usiguse," Mama akasema bila kuinua macho kutoka Mwanza. "Mimi nimeshaishika hiyo. Tano, sifuri. Ukiweka nyingine nani atanikumbusha?"

"Mama, hii ni nyumba ya Yanga!"

"Marehemu baba yako ndiye alikuwa Yanga," akasema. "Mimi niliolewa tu."

Sijawahi kumwona mume wangu akikosa neno namna ile. Aliifunga kompyuta. Nywila ikabaki, kwa kuwa Mama alikuwa mgeni na mgeni hasumbuliwi, na matibabu ya macho yaliyomleta mjini yalikuwa na tarehe nyingi mbele. Baba Salma alitoa sharti moja, lile neno lisitamkwe chini ya paa lake. Simu yangu iliporudi, Idi akatumia hiyo kutoa msimbo wa QR wa mtandao, akauchapisha, akaubandika kando ya runinga. Ni kitu kilichobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na kwetu kikawa pazia: mgeni anapiga skani, anaunganishwa, hakuna aliyetamka tano wala sifuri. Baba Salma akaanza hata kujisifu kwa wageni kwamba sisi tumekwishaachana na mambo ya kuandikaandika.

Alichosahau Idi kutuambia ni kwamba simu nyingi zikitoa msimbo huo, neno lenyewe huandikwa chini yake. Yeye alilikata kwenye karatasi kwa mkasi. Lakini mgeni akishaingia, naye akagusa pa kushirikisha kwenye simu yake, analiona lote.

Baba Frank, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanachama wa Simba mwenye kadi, alikuja Jumapili kutazama nasi mechi ya Uingereza. Alipiga skani, akamshukuru mwenyeji, akala machungwa ya Muheza. Kesho yake asubuhi Baba Salma alikuwa akitoa gari, na ukuta ukasema kwa furaha:

"Jirani! Kumbe zile tano bado unatutunzia?"

Gari halikutoka. Alirudi ndani na viatu vyake vya kazini, akaivuta kompyuta ya Idi, akaandika 192.168.1.1 mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kuomba msaada wa mtu. Nilikuja na daftari na kalamu. Safari hii hakuninyooshea kiganja. Nilikuwa bado naandika pale chumbani kulipofunguliwa mlango, na Mama akatoka na simu mkononi, mtoto wa Mwanza ameganda kwenye kioo na sabuni kichwani.

"Baba Salma! Tano bila imekataa!"