Namna ya Kuutia Chumvi Utoto Wako Bila Kuumbuka

Watoto wako wameanza kukuangalia kama mtu aliyezaliwa na funguo za gari mkononi. Wakati umefika wa kuwaambia ulikotoka. Shida unaijua: nusu ya utoto wako umeisahau, na nusu iliyobaki haina mwanzo wala mwisho. Usihangaike. Chumvi ipo, na kuna pa kuitia na pa kuizuia. Naongea hasa na wewe uliyekulia Tanzania Bara miaka ya 1970 na ya mwanzo wa 1980. Wengine chukueni kinachowafaa.

1. Panga tarehe zako kwanza

Wengi huanguka hapa, kabla hata hadithi haijachangamka. Mwanao ana simu, na simu inajua kila kitu kilichotokea nchini. Chukua karatasi, andika mwaka uliozaliwa, halafu pembeni orodhesha yale makubwa. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, ikaisha 1979. Msako wa wahujumu uchumi ulianza 1983. Waziri Mkuu Sokoine alifariki Aprili 12, 1984. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Televisheni, usiitaje kabisa: Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994.

Sasa fanya hesabu. Kama ulizaliwa 1977, usiseme unawakumbuka askari wakipanda malori kwenda mstari wa mbele. Sema unawakumbuka watu wazima wakiizungumzia vita usiku, sauti chini, wakidhani mmelala. Hilo hakuna wa kulipinga, na kwa wengi wetu ndiyo kweli yenyewe.

Vivyo hivyo mpira. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, ikaenda kurudiana Zambia, ikashinda 5–0. Ni hadithi tamu, na kila mtu anataka awe alikuwa kando ya redio siku hiyo. Wewe nafasi hiyo mpe baba yako au mjomba. Ukisema "mjomba alikuwa akitusimulia", utamu unabaki wote na cheti chako cha kuzaliwa kinakaa kabatini.

2. Njia ya shule ipime kwa saa

Ukitaja kilomita umekwisha. Mtoto ataifungua ramani, ataweka kidole kwenye nyumba ya bibi na kingine kwenye shule, na zile kumi zako zitageuka mbili na nusu. Taja muda. Saa nzima ni ya haki kabisa, maana miguu ya mtoto wa darasa la kwanza ni mifupi, na njiani kulikuwa na mwembe, mto, na mbwa wa mzee fulani aliyewalazimisha mzungukie mashambani.

Kisha mbebeshe yule mtoto mizigo yake: ufagio wa chelewa, kidumu cha maji ya kumwagilia bustani, na jembe kama ni siku ya shamba la shule. Mkifika mnaanza mchakamchaka, mnakaguliwa kucha, ndipo mnaingia darasani. Hapo hujaongeza kitu, lakini watoto wataona umeongeza.

3. Achana na mali ya wote

Kila aliyesoma Tujifunze Lugha Yetu anamjua Bulicheka. Kila aliyekuwa na jirani mwenye redio alisikiliza Mama na Mwana, akawacheka Pwagu na Pwaguzi. Ukisimulia hayo peke yake, umesimulia utoto wa taifa zima na wako hujaugusa. Yataje haraka, upite.

Waambie kuhusu redio ya kwenu. Ilikaa wapi? Nani alikuwa na ruhusa ya kugusa kile kitufe? Ilifunikwa na kitambaa gani cha kufuma, na nani alikifuma? Waambie sauti ilipoanza kufifia betri zilitolewa, zikaanikwa juani kwenye ungo, na mtoto mmoja akawekwa azilinde dhidi ya kuku na wenzake. Waambie mchana mzima redio ilinyamazishwa, hata kama kulikuwa na muziki mzuri kiasi gani, ili uhai uliorudi utoshe taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtoto anayechaji simu ukutani atataka kulishika lile betri la moto lililotoka juani. Hapo ameshaingia nyumbani kwenu.

4. Iba kwa ndugu zako

Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote, na nakupa ruhusa kamili. Kama wewe hukufanya la maana, kaka yako alifanya. Chukua. Mliokula sinia moja, hadithi zenu ni za wote.

Na kwa kuwa nimelitaja sinia, lisimulie vizuri. Watoto sita au saba wamelizunguka, wali katikati, mchuzi umemwagwa juu. Vidole vya kila mmoja vinakaa upande wake. Nyama haiguswi: ipo pale pale machoni, lakini mgawaji ni mkubwa wenu, naye atagawa mwisho, kwa mkono wake, akianza na mdogo kabisa. Wakati huo kuna mmoja (mtafute, katika kila familia alikuwepo) anayechimba mfereji taratibu chini ya wali, ili mchuzi wa jirani umiminikie kwake. Anachimba huku anamwangalia jirani usoni na kumuuliza habari za shule. Ukuta wa wali ukibomoka kesi inafika kwa mama, na hukumu inatolewa bila ushahidi: wote wawili waondoke. Anayefaidi ni yule mdogo aliyekaa kimya, pamoja na yule aliyepangiwa kuosha masufuria, maana ukoko ni wake kwa sheria.

Unapoiba, zingatia jambo moja. Usijipe nafasi ya mshindi. Kama kaka ndiye aliyechimba mfereji, wewe kuwa jirani uliyeibiwa. Kama dada ndiye aliyewakimbia walinzi wa shamba la miwa, wewe kuwa uliyekamatwa. Watoto humwamini baba aliyechapwa kuliko baba aliyeshinda kila kitu, na watakuomba hadithi nyingine. Mshindi haombwi nyingine.

5. Kwenye foleni, chumvi iweke chini

Hapa ndipo nakuomba uache uhodari. Miaka ile ya uhaba haihitaji kuongezwa chochote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita ikafuata, mafuta yakapanda bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 duka lilikuwa na rafu na muuzaji lakini sukari hakuna. Watu walipanga foleni ya kitu wasichokijua, wakauliza kinachouzwa wakiwa wameshashika nafasi. Ugali ulikuwa wa njano, tukauita wa Yanga. Sabuni ikikosekana, nguo zilisuguliwa kwa majani ya mpapai.

Kishawishi chako kitakuwa kusema, "hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa na furaha." Usiseme hivyo. Ulikuwa na furaha kwa sababu mtu mwingine alikuwa amebeba wasiwasi wote. Msimulie huyo. Simulia mama aliyeamka gizani kwenda kuweka jiwe kwenye foleni limshikie nafasi. Simulia sukari ya wageni iliyofungwa kwenye kitambaa, ikafichwa ndani ya sanduku la nguo, nanyi mkainusa bila kujua iko wapi. Simulia jioni alizosema ameshakula, nanyi mkaamini, mkagawana sehemu yake. Simulia kama ilivyokuwa, na ukifika hapo sauti ikikatika iache ikatike.

Na kamwe usiitumie njaa yako kama fimbo. "Nyinyi watoto wa siku hizi" ni maneno matano yanayofunga masikio ya nyumba nzima. Mtoto hakuchagua kuzaliwa wakati wenye mikate. Ukimwonea wivu kwa kushiba, atajifunza kukuficha njaa zake nyingine.

6. Viatu

Sema vilikuwa vya Idi au vya Krismasi, vilinunuliwa vikubwa ili mkue navyo, na mbele viliwekwa karatasi. Inatosha. Kila mtu ana hadithi ya viatu, na zote zinafanana.

7. Siku utakayoumbuliwa

Itakuja. Itakuwa kwenye harusi au siku ya arobaini ya mtu, watoto wamekuzunguka, umefika kwenye ile sehemu uliyokamatwa shambani. Nyuma yako sauti itasema: "Wewe? Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, unalia. Aliyekamatwa ni kaka yenu." Ni shangazi. Usibishane naye. Usicheke kwa kujihami wala usiseme labda ni siku nyingine. Sema, "Kweli shangazi, tuambie wewe," msogezee kiti, mletee chai, na bonyeza kitufe cha kurekodi kabla hajaketi sawasawa.

Hii ndiyo bahati uliyokuwa ukiitafuta tangu hatua ya kwanza. Muulize nani alilala chumba gani. Muulize nani alipika siku mama alipolazwa, na alipika nini. Muulize nani aliondoka nyumbani na hakurudi, na kwa nini jina lake halitajwi. Taja majina ya waliokwisha tangulia, moja moja, asije akaruka mtu. Waache watoto waulize maswali yao pia, hata ya kijinga. Shangazi anayapenda ya kijinga, huyajibu kwa urefu.

Tafuta chaja mapema, na uwaambie wanaoondoka watangulie, maana akianza leo hamalizi.