Jinsi ya Kumwona Mwanasaikolojia Kabla "Niko Poa" Haijakumaliza

Anza kwa kuacha kujibu "niko poa". Ukiulizwa habari za siku nyingi, sema, "Silali." Watu watashtuka. Waache washtuke.

Halafu tazama kalenda. Usingizi umekimbia, chakula hakipiti, kazi uliyoipenda imekuwa mzigo, na hali hiyo imekuandama karibu kila siku kwa wiki 2? Hapo wataalamu huanza kuulizia sonona. Usingoje tatizo likue ndipo ujione unastahili msaada. Mtoto akichemka homa usiku mmoja tunamkimbiza hospitali, ila mtu mzima anayelia garini kila asubuhi kabla ya kuingia kazini anaambiwa ajikaze! Anajikaza, anajikaza, mpaka siku anashindwa kuamka kitandani, ndipo ukoo mzima unaitisha kikao.

Sasa jiandae kwa shangazi, maana atasema safari yako inaishia Mirembe. Mwambie kwa adabu: "Shikamoo shangazi. Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wanatibiwa pale." Basi. Akiongeza kwamba haya ni mambo ya Wazungu, mpeleke Harare. Huko, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na akikuambia usali tu, sala zako endelea nazo. Hakuna mshauri mwenye akili atakayekuzuia.

Siku ya miadi na mwanasaikolojia usiandae hotuba. "Sijui nina nini" inatosha kabisa. Kulichambua tatizo ni kazi yenu wawili. Uliza amesomea nini, anatoza kiasi gani, na siri zako zitalindwaje. Mshauri wa kweli atakueleza mapema kwamba siri huvunjwa pale tu uhai wa mtu unapokuwa hatarini au sheria inapomlazimu. Mkishindwa kuelewana, tafuta mwingine. Pesa ikiwa kikwazo, nenda hospitali ya serikali uulizie huduma za afya ya akili.

Ila kama umeanza kufikiria kujiua, ruka yote haya. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali leo. Nyinyi wengine, pigeni simu mwombe miadi wiki hii.