Namna ya Kumthibitisha Mume Uliye Naye

Umeolewa na Mmarekani, mnaishi Mombasa, na sasa mmeamua kuhamia kwao. Hongera. Biriani liliwashinda wageni na shangazi alilia mpaka wanja ukamchuruzika, lakini hayo hayamo kwenye fomu. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa, na wa kuanza ni mumeo, kwa fomu I-130, ombi la kukuhamishia kwao. Ajaze mtandaoni, atapunguziwa dola 50.

Kisha thibitisheni kwamba hamkuoana kwa ajili ya makaratasi. Akaunti ya benki yenye majina mawili hupendwa, na mkataba wa nyumba vilevile. Mwenye nyumba wenu, ambaye miaka yote hupokea kodi kwa M-Pesa na kujibu "nimeona mwanangu", akiombwa mkataba atashuku mnataka kumpora nyumba. Nendeni na sukari na majani ya chai. Picha nazo zichagueni kwa akili: mkiwa wawili ufukweni, hayo ni mapenzi tu, mama mkwe akiwa katikati yenu amenuna, hiyo ni ndoa.

Ombi likikubaliwa, utamu ndio unaanza. Mdhamini wako ni lazima awe na makazi Marekani. Naam, mume yuleyule mliyethibitisha juzi kwamba analala nawe Mombasa, sasa athibitishe kwamba kwake ni Marekani, au kwamba atahamia huko kabla yako au pamoja nawe. Msichanganye mafaili. Aambatishe na ritani ya kodi, maana Marekani humdai raia wake ritani hata akihamia Lamu. Siku hiyo ndipo utajua kama alikuwa akijaza au alidhani bahari inamkinga.

Kipato chake nacho kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko, na mshahara wa Mombasa hauhesabiwi ikiwa utakoma mkihama. Hapo mtamkumbuka binamu yake wa Ohio ambaye hamkumwalika harusini. Mpigieni kumjulia hali. Kesho yake mjulieni hali tena. Siku ya tatu mtajieni fomu I-864, ya kuwa mdhamini mwenza, ila msiharakie kile kipengele cha talaka: mkiachana, mdhamini haponi. Utabaki shingoni mwake mpaka uwe raia, ukamilishe robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, uhame moja kwa moja, au ufe.

Cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, chanjo: hizo ni foleni tu, na foleni unazijua.

Mahojiano ni Gigiri, Nairobi. Ukiulizwa mlikutana wapi, sema ilivyokuwa, hata kama ni kwenye feri ya Likoni alipokukanyaga. Usikariri, mke na mume wa kweli hubishania tarehe.

Viza ikitoka na ndoa haijatimiza miaka 2 siku mnapoingia, utapewa kadi ya ukaazi yenye masharti, ya miaka 2, na katika siku 90 za mwisho mtathibitisha upya kila kitu. Kwa hiyo godoro la kwanza mtakalonunua huko, risiti iandikwe majina yote mawili.