Simu Juu ya Mwembe, Prado Chini

Prado ikifika Kasongo, kitu cha kwanza kuharibika ni heshima ya mwenye nayo. Springi zitafuata, breki zitafuata, lakini heshima hutangulia, tena huanzia kwenye vile vikorokoro vya ndani ambavyo muuzaji huvisifu kuliko injini: kioo cha kugusa, kamera ya nyuma, spika za milangoni, na ile simu ya kuzungumza bila kuishika.

Mjomba wangu hununua mpunga na mawese Kasongo, akaenda kuuza Salamabila kwa wachimba dhahabu. Katika mzunguko huo akapata Prado. Ilitoka Japani imeshatumika, kama magari mengi ya huku. Ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, ikaja na njia ya Nyunzu imepakwa udongo mwekundu mpaka juu ya paa. Usukani uko kuume, na Kongo tunapita upande wa kuume, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto, na hiyo ndiyo kazi yangu. Mjomba huuliza, "Mpwa wangu, njia iko wazi?" nami hujibu nikishamaliza shahada. Tena vijiti vya usukani navyo vimebadilishana pande: mkono wake uliozoea magari ya usukani wa kushoto, ukitafuta taa ya kukata kona, huwasha vifuta vioo. Wamotari wa Kasongo, wale wa pikipiki za abiria, wameshajua. Prado ikipangusa kioo juani, ujue inakata kona.

Halafu mle ndani mna mwanamke wa Kijapani. Ukizungusha ufunguo tu, husema maneno yake kwa sauti ya adabu, kisha hunyamaza. Mke wa mjomba aliposikia mara ya kwanza alinyamaza naye, akaniangalia mimi, akamwangalia mumewe, akauliza huyo ni nani na amekaa mle tangu lini. Mjomba akasema ni salamu. Kwa muda mrefu tukamwitikia: "Asante, mama." Kumbe hakutusalimu hata siku moja. Japani barabara kubwa ni za kulipia, na magari huwa na kisanduku kidogo cha kutia kadi ili mtu apite bila kusimama. Mwanamke yule hulalamika kwamba kadi haijatiwa. Sasa kadi atatiwa ya nini? Huku kwetu pesa ya barabara huchukuliwa na kijana aliyefunga kamba kutoka mti hadi mti, na ukimwonyesha kadi atakuuliza kama inaliwa. Dawa yake ni rahisi: pasa mkono chini ya dashibodi, tafuta kile kisanduku, chomoa waya wake. Mjomba alikataa. Alisema gari likinyamaza watu watadhani limezeeka.

Redio nayo ina mambo yake. Mawimbi ya FM ya Japani yalipangwa kati ya 76 na 90, na ya kwetu hupanda mpaka 108. Kwa hiyo redio ya Prado hushika kipande kidogo cha chini, na stesheni nyingi za Kongo ziko juu huko, haifiki. Zipo mashine ndogo za kuunganisha kwenye waya wa antena zinazoyateremsha mawimbi, na bei yake si ya kutisha, ila baada ya hapo namba za kwenye kioo hazilingani tena na anazozitaja mtangazaji. Mjomba akachagua njia fupi. Anapotaka habari za Radio Okapi, ambayo tunayo tangu 2002, huwasha redio ya betri aliyoifunga kwa mpira juu ya dashibodi. Redio ile hufunika nusu ya kioo cha ramani, na hatujapungukiwa na kitu, kwa sababu ramani yenyewe ni ya Japani na hutuonyesha tumo baharini. Siku mvua inaponyesha sawasawa, naona haikosei sana.

Na betri ya gari usiiguse ovyo. Mfanyabiashara mwingine wa mjini kwetu alipeleka gari kuchomelewa bampa. Fundi kwa uangalifu wake akaifungua betri, alipoirudisha kioo kikajifunga na kudai nenosiri kwa Kijapani. Kinalidai mpaka leo. Amekitundikia tasbihi.

Kuhusu vile vidude vya kwenye bampa vinavyolia ukikaribia ukuta, nitasema kidogo tu: njia ya Kabambare ina majani pembeni na majani katikati. Vidude vikaona ukuta toka tunatoka mjini. Vililia mpaka kuku waliofungwa nyuma wakaanza kuitikia, na mama mmoja tuliyempa lifti akaomba kushuka atembee kwa miguu. Kipo kibonye cha kuvizima. Kitafute kabla ya safari, si katikati yake. Na kengele ya mkanda hailii kwa ajili ya mtu, hulia kwa ajili ya uzito: gunia la mchele likikaa kiti cha mbele, lifunge mkanda kama abiria mwingine.

Tuje kwenye simu.

Menyu yote ilikuwa ya Kijapani, isipokuwa alama moja ambayo mtoto yeyote wa Kasongo mwenye simu anaijua, ile ya Bluetooth. Ni herufi mbili za kale zilizobandikwa pamoja, za jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye sifa yake ilikuwa kuunganisha watu. Tulimfuata mfalme huyo. Gari lazima lisimame na breki ya mkono ivutwe, maana vioo vingi vya Kijapani hukataa kufungua menyu gari likitembea. Simu nayo lazima ikubali kuonekana. Kisha mashine za zamani hudai namba, na namba yenyewe karibu siku zote ni 0000 au 1234. Za karibuni huonyesha tarakimu sita hapa na pale, wewe unathibitisha tu kwamba zinafanana.

Kosa la mjomba lilikuwa kufanya haya yote kando ya soko. Orodha ikajaa simu za watu: Papa Gold, Mtoto wa Maniema, Usiniguse. Kijana wa motari aliyeegemea dirisha akiangalia maajabu alibonyeza "Ndiyo" kwenye simu yake kabla yetu, na Prado ya mjomba, mbele ya wazee waliokuwa wakitoka msikitini, ikatoa rumba kwa spika zote. Fanya kazi hiyo nyumbani, lango limefungwa.

Tulipoipata simu ya mjomba, ikauliza kama gari liruhusiwe kusoma majina yote. Mjomba akasema liruhusiwe, yeye hana siri na gari lake.

Siku ya safari alikuwapo Hadji, mzee wa mpunga, aliyekuwa akienda Kabambare msibani na aliyepewa kiti cha nyuma kwa heshima. Tulikuwa bado mjini, penye rezo, yaani mtandao wa simu. Mjomba, kwa furaha, akamwambia: "Hadji, hebu nipigie, ujionee mambo ya Wajapani." Hadji akatoa simu yake ya vibonye, akapiga. Gari zima likaita. Kwenye kioo, kwa herufi kubwa nyeupe, likatokea jina la anayepiga: USIPOKEE MPUNGA.

Hadji husoma polepole. Tulimsikia akiunganisha silabi moja moja, u-si-po-ke-e, na hakuna aliyejua kibonye cha kuzimia kioo. Alipomaliza akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akasema: "Kumbe gari hili linajua Kiswahili."

"Hadji, hiyo ni programu. Wajapani ndio walivyoiandika."

"Wajapani wamejuaje habari za mpunga wangu?"

Deni la mpunga lililipwa kabla hatujafika Kabambare, palepale njiani, noti zikihesabiwa juu ya tenga la kuku. Hadji alizihesabu mara ya pili kwa sauti, na maikrofoni ya Prado iko darini juu ya kichwa cha dereva, hushika kila kitu. Ndiyo maana hata mtu mmoja wa Kindu aliyempigia mjomba mwishoni mwa rezo alijua bei ya kuku wetu kabla hajauliza hali.

Baada ya hapo rezo ikakatika. Njia hii haikuanza leo kunyima watu habari. Misafara ya Ujiji ilipita hapa kwenda Kasongo na Nyangwe, na Livingstone alikwama Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu ina vidonda, akingoja watu na barua kutoka pwani. Angekuwa na simu angepanda kilimani kama sisi.

Maana vipo vilima vyenye rezo, na wasafiri wote wanavijua kwa vikundi vya watu waliosimama juu ya vichuguu wamenyoosha mikono. Kilima chetu kina mwembe. Ukikaa chini yake hupati kitu, matawini unapata. Zamani mjomba alipanda mwenyewe, mzee mzima mwenye kanzu, akajadiliana bei ya mawese akiwa ameshikilia tawi kwa mkono mmoja, na watoto wa kijiji chini wakimhimiza. Safari hii alimpa kijana mmoja wa kijiji simu, kijana akapanda nayo, akaibana kwenye panda ya tawi. Bluetooth ya simu hufika mita 10 hivi ikiwa hakuna kizuizi. Sisi tukafunga vioo, tukazima feni, mjomba akaegemea kiti cha ngozi akazungumza na Bukavu huku simu iko juu ya mti. Hadji alisikiliza mazungumzo yote na hakusema neno, isipokuwa mwishoni: "Hapa sasa wamefanya kazi."

Nakubaliana naye. Wajapani walitengeneza kitu kile ili dereva asiishike simu kwenye barabara laini ya lami. Huku ambako lami hakuna kimemshusha mzee mwembeni, na kwa hilo peke yake nasamehe redio, ramani na yule mwanamke wa kadi. Kijana hudai franka chache na embe za msimu, na ukimpunja huacha simu juu.

Wewe ambaye gari lako bado liko Kalemie, kabla ya kuliunganisha na simu, keti uyapitie majina yote. Aliyeandikwa "Usipokee" mwandike jina alilopewa na wazazi wake, au mlipe kabisa.